Kumi Kasoro Mmoja

Jumatatu, 2 Novemba 1998

Soko la Sanyuanli tangu asubuhi. Viatu vya watoto, ghorofa ya tatu, kwa yule laoban, mwenye duka, mwenye jino la dhahabu. Kila nikitaja bei anasema mei you, hakuna, kama nimemwomba figo. Nimerudi mikono mitupu. Mvua nyembamba. Guangzhou mwezi huu si baridi wala si joto, ni unyevu tu. Nguo hazikauki.

Gidioni amepika kuku. Kamchinja mwenyewe bafuni, kama kawaida yake. Mimi nakula kuku wake, maana mwalimu wangu wa chuoni Tanga alitufundisha kwamba kichinjo cha watu wa Kitabu ni halali. Yeye hali kuku niliyechinja mimi. Tumeishi hivi tangu Bangkok, mpaka fedha za kule zilipoanguka tukahamia huku mtaa wa Xiaobei. Nimeshamzoea. Pasipoti ya Kenya, amezaliwa Uganda karibu na Mbale, dini Myahudi. Babu yake na wenzake walisoma Biblia, wakakuta amri ya kutahiri, wakatahiri. Wakakuta Sabato ni Jumamosi, wakashika Jumamosi. Hakuna aliyewaletea. Wageni wakimbishia huwa anasema hivyo kwa fahari: hakuna aliyetuletea.

Leo ana furaha. Amesikia wapo wafanyabiashara Wayahudi hapa mjini, wanakutana kusali Ijumaa jioni nyumbani kwa mzee mmoja. Hajawahi kusali na Wayahudi wasiokuwa wa kwao kijijini. Anapiga pasi shati jeupe. Na leo ni Jumatatu.

Ijumaa, 6 Novemba

Ametoka kabla ya magharibi. Shati jeupe, kofia ndogo ya kufuma aliyokuja nayo kutoka kwao. Ameniuliza mara mbili kama viatu vinang'aa. Nimemcheka, nikamwambia anakwenda kama bwana harusi.

Ameacha mishumaa inawaka mezani. Kaniomba nisiizime. Nimekula wali mtupu, nikiitazama mpaka ikaisha yenyewe.

Jumamosi, 7 Novemba

Jana alirudi kwa miguu, maana Sabato hapandi gari. Leo mchana kutwa kalala akitazama ukuta. Jua lilipozama ndipo akaanza kusimulia.

Kwao sala ya jamaa inataka wanaume kumi. Wasipotimia, ziko sala hazisemwi. Alipoingia aliwakuta tisa. Akajua yeye ndiye wa kumi, akasimama tayari. Wao wakaendelea kungoja. Akangoja nao, anatabasamu, hajui anangojwa nani. Mwisho akaingia kijana anayeitwa Yoni, mnunuzi wa vitu vya kuchezea watoto. Gidioni amewahi kumwona mtaani kwetu akila nguruwe. Wakasimama. Wametimia.

Baadaye mwenye nyumba, Bwana Eliezeri, mzee wa asili ya Baghdad aliyezaliwa Bombay, alimweka pembeni akamweleza kwa upole. Myahudi ni aliyezaliwa na mama Myahudi, au aliyepokewa na mahakama ya marabi. Babu zako walijipokea wenyewe. Unampenda Mungu, naliona hilo. Njoo kila wiki, ukae nasi, ule nasi. Lakini katika kumi hatuwezi kukuhesabu.

Upole ndio uliomuua. Angetukanwa angekuwa na la kujibu.

"Yule Yoni anakula nguruwe, bwana," akaniambia. "Nguruwe! Na wanamhesabu."

Jumapili, 8 Novemba

Nilitaka kumchekesha. Imekwenda kombo.

Mama yake mama yangu, Bibi Rahma, alizaliwa Raheli. Baba yake alikuwa mfua fedha, Myahudi wa Aden. Mkewe alifia hukohuko Aden, yeye akaja Tanga na huyo binti mdogo, homa ikamchukua huyo baba. Majirani Washihiri, Waarabu wa Hadhramaut, wakamlea mtoto, alipokua wakamwoza kijana wao. Akasilimu. Mimi nimemwona bibi yangu. Msala, tasbihi, buibui, na kashata alizotufichia kwenye mtungi. Basi. Lakini watoto wa mtaani walikuwa wakiniita mjukuu wa Yahudi. Kwetu Yahudi ni tusi, ni bahili, ni msaliti. Nimepigana sana kwa neno hilo. Meno mawili nimepoteza.

Nikamwambia Gidioni: unaona? Hata mimi ninao huo Uyahudi, na haunisaidii hata kupunguziwa bei.

Alikuwa anaosha vyombo. Akaacha.

"Mama yake mama?"

"Eeh."

"Na mama yake huyo bibi?"

"Myahudi vilevile. Wa Aden."

Akakaa chini, mikono ina povu. "Basi wewe ndiye, Idrisa. Mimi siye. Wewe ndiye."

Nimemwambia asirudie tena maneno hayo. Mimi Muislamu mtoto wa Muislamu. Akajibu taratibu kwamba si yeye aliyesema. Wamesema wao.

Tumelala bila kuagana.

Jumatano, 11 Novemba

Yoni alitukuta tukila kwenye mgahawa wa Waislamu wa Kichina, Gidioni tambi tu bila nyama. Akavuta kiti, hakukaribishwa. Si mtu mbaya. Anaongea sana, anacheka peke yake. Alikuwa amesikia aliyoambiwa Gidioni Ijumaa ile na yalimkera. Anasema yeye haamini Mungu yupo, na bado ni Myahudi, na hakuna wa kumwondolea. Si dini, ni watu. Kama nyinyi mlivyo Waswahili, akasema. Nikamwambia hata hilo la nani Mswahili tunagombana tangu enzi.

Kisha akaleta habari ya damu. Kasoma gazetini kwamba siku hizi wataalamu wanachukua mate ya mtu wanasoma ametoka wapi. Kusini mwa Afrika kuna kabila linalosema asili yake ni Wayahudi, na wataalamu wamekwenda kuwapima. Akamwambia Gidioni: nenda kapime, ubishi uishe.

"Wakikuta hakuna?" Gidioni akauliza.

Yoni akainua mabega.

Njiani Gidioni akaniambia jambo ambalo hajawahi kuniambia. Wakati wa utawala wa kijeshi kwao, dini yao ilipigwa marufuku. Baba yake, Mzee Eliya, alikutwa anasali Jumamosi ndani ya banda la mbuzi. Askari walimvunja mkono, ukaunga vibaya, mpaka leo haunyooki.

"Wale hawakumpima mate," akasema. "Wala hawakuuliza mama yake ni nani."

Nimefika nyumbani nikawaza yangu. Wakinipima mimi watakuta Aden, watakuta Hadhramaut, watakuta Udigo, na Mungu anajua nini kingine. Shahada yangu wataikuta kwenye mate?

Jumanne, 17 Novemba

Mzee Eliya amefariki.

Habari kaileta Khamisi kutoka kibanda cha simu. Khamisi ni Mzanzibari, mkubwa wetu hapa, mimi na yeye tunachangia kontena. Simu ilipigwa na ndugu walioko Nairobi. Mzee alikufa juzi Jumapili, akazikwa siku hiyohiyo. Wanazika haraka, kama sisi. Gidioni asingewahi hata angekuwa na mabawa.

Hakulia. Alishika ukosi wa shati akalichana mpaka kifuani. Lile jeupe. Akakaa sakafuni. Kaniomba nifunike kioo cha bafuni, ndiyo desturi ya msiba kwao. Nimekifunika kwa kanga niliyomnunulia mke wangu.

Alhamisi, 19 Novemba

Watu wamekuja kuhani tangu jana. Hapa ugenini hatuulizani. Wazanzibari wamekuja, Wakenya wamekuja, hata yule Mkongo kinyozi kaja, kasema pole yake kwa Kifaransa na kukaa saa nzima kimya. Mama Njeri wa Nairobi kaleta uji na kuimba ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani kwao. Gidioni akamwacha aimbe. Khamisi alifungua viganja asome Fatiha, akanitazama, nikatikisa kichwa, akavifumba. Kila mtu alileta alichokuwa nacho.

Alasiri akaja Bwana Eliezeri. Peke yake. Mayai ya kuchemsha ndani ya kitambaa, maana ndicho chakula wanachomlisha mfiwa. Mzee yule na magoti yake mabovu akakaa kwenye kigoda, akamenya yai, akamtilia Gidioni mkononi. Nilimpenda kwa hilo. Nasema kweli.

Gidioni alimwomba kitu kimoja tu. Kuna sala ambayo mtoto humsomea mzazi aliyekufa. Anaijua kwa moyo, baba yake ndiye aliyemfundisha. Lakini haisomwi peke yake. Inataka kumi.

Mzee akatazama sakafu. Maonyesho ya biashara yameisha, wageni wameondoka. Jumapili jioni watakuwa tisa. Hakusema tisa bila wewe. Hakuwa na haja.

Ndipo nikaona wote wawili wananitazama. Gidioni alikwishamwambia.

"Mama yake mama yako," mzee akaanza, kwa heshima, kama anazungumza na mtu aliyepotea akaonekana.

Nikatoka. Nimezunguka mtaa wa Dengfeng mpaka miguu ikauma. Gidioni kanitoa nyumbani kwangu kama bidhaa. Na bibi yangu kamtoa pia.

Ijumaa, 20 Novemba

Msikitini. Hotuba ya Kichina, siambulii kitu, ila aya zikisomwa nazijua. Nimekaa pale watu wametoka wote.

Nimemuuliza Khamisi, nikijifanya namuulizia mtu mwingine. Alielewa papo hapo.

"Mdogo wangu," akasema, "ukisimama ukahesabiwa Yahudi, na wewe umenyamaza, ile shahada yako umeifanya nini?"

Nimeondoka bila kumuaga.

Gidioni hajaniomba. Angeniomba ningekataa, tungeyamaliza. Amekaa tu pale chini na shati lake lililochanika. Nina hasira naye. Nina hasira na Bibi Rahma, ambaye kosa lake ni kuzaliwa. Nina hasira kwamba anachokililia mwenzangu maisha yake yote kimetupwa kwangu nisiyekitaka, na hakigawiki.

Jioni nimemwambia: nitakwenda. Nitasimama. Lakini neno lisilo langu halitatoka kinywani mwangu.

Leo amelia. Mara ya kwanza tangu Jumanne.

Jumapili, 22 Novemba

Niandike kabla sijaanza kuipamba.

Nyumba ya Bwana Eliezeri iko ghorofa ya juu sana, upande wa mashariki wa mji. Madirisha makubwa. Meza ina biskuti na pombe kali kwenye vikombe vidogo. Wanaume tisa. Walinipa kofia yao, nikawaonyesha kichwani ninayo ya kwetu Tanga, ya viua. Wakaridhika.

Bwana Eliezeri akanitambulisha. Mtu mmoja mnene, mfanyabiashara wa vitambaa, akaniuliza kwa Kiingereza kama nasali kuelekea Makka. Nikasema ndiyo, mara tano kwa siku. Akawageukia wenzake: huyu katoka kwenye dini, hahesabiki.

Bwana Eliezeri akasema mtoto wa Myahudi akikosea bado ni Myahudi.

Mnene akasema huku si kukosea, hii ni dini nyingine.

Yoni akacheka. "Na mimi je? Mimi hata hiyo nyingine sina. Mbona mnanihesabu?"

Mmoja akasema ni damu, damu haitoki. Mwingine, mzee kuliko wote, ambaye alikuwa hajafungua kinywa, akasema waliotuua ndio waliopima damu. Hapo wakageukia lugha yao, sauti zikapanda. Mimi katikati, kama mbuzi mnadani anayekaguliwa meno. Uso ulikuwa unaniwaka. Nilitaka kuondoka. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anamtazama Gidioni. Jua linashuka nyuma ya maghorofa, na sala ile ina wakati wake.

Kisha nikasikia sauti yake. Alikuwa ameenda dirishani. Ameanza peke yake.

Lugha siijui. Lakini ni kama ndugu wa Kiarabu, kila neno nakaribia kulielewa, linanipita. Anasoma kwa moyo, polepole, kwa lafudhi ya kwao. Wakanyamaza. Yule mnene akainua mkono amkataze, mkono ukabaki hewani.

Gidioni akafika mahali akasita. Akangoja. Nikafahamu kwamba hapo ndipo watu wanapojibu.

Hakuna aliyejibu.

Nilimwona mgongo tu. Mabega yake yalianza kuinama, na mimi nikasema, "Amin."

Sikusema kama Yahudi. Amin ni yangu. Nimeisema tangu utoto nyuma ya imamu, hakuna aliyeniazima.

Gidioni akaendelea. Mahali pa pili Bwana Eliezeri akaitikia pamoja nami. Mahali pa tatu Yoni, kwa sauti kubwa, kama mtu aliyekasirika. Wengine sijui, nilikuwa nimeinamisha macho. Mnene hakuitikia. Aliusogelea ukuta akaupa uso. Lakini hakutoka.

Ilipokwisha hakuna aliyesema kama tulitimia au hatukutimia. Bwana Eliezeri alitupa chai. Gidioni hakuigusa.

Kwenye lifti akasema, "Haikuhesabiwa, Idrisa."

Nikamwambia sijui mambo yao.

"Mimi nayajua," akasema.

Jumanne, 24 Novemba

Habari imekimbia. Sijui nani kaitoa, pengine Yoni na domo lake. Nimeingia mgahawani, meza ya Watanzania ikanyamaza. Mmoja akaniambia shalom, wenzake wakacheka.

Khamisi hakucheka. Kaniita nje. Kontena ya mwezi huu ataijaza na watu wengine.

"Sikuhukumu, mdogo wangu. Yaliyomo moyoni mwako anayajua Mungu. Lakini watu wanasema, na mimi nina watu Unguja."

Viatu vyangu, vile nilivyopata hatimaye, viko stoo. Nitatafuta wa kuchangia naye, sijui nani. Nina miaka arobaini na natamani kupigana kama mtoto wa shule. Sioni wa kupigana naye.

Gidioni ameuliza nina nini. Nimesema tumbo.

Jumatano, 2 Desemba

Ameondoka. Haendi kutembea, anarudi kwao moja kwa moja. Hisa yake ya biashara ya vitenge kamwachia binamu yake wa Nairobi.

Jana Bwana Eliezeri alikuja kumuaga. Akamwambia anaweza kumwandikia rabi anayemjua. Gidioni angesoma, angezamishwa majini kwa utakaso, mahakama ingempokea kwa sheria. Mwaka, labda miwili. Kisha angehesabiwa popote duniani, na hakuna ambaye angethubutu kuuliza. Mzee alikuwa anabembeleza kabisa. Alimshika mkono. Naona tangu Jumapili ile naye halali vizuri.

Gidioni alimshukuru. Akakataa.

Leo nimembebea begi mpaka kituo cha basi la Hong Kong. Nikamuuliza kwa nini. Mlango uko wazi, si ndicho alichokuwa anataka?

Akalichukua begi mkononi mwangu. "Nikipokewa leo, baba alikuwa nani?"

Dereva akapiga honi. Tukakumbatiana. Akaniita Sheikh, kama anavyonitania siku zote. Nikamwita Rabi. Hakuna aliyecheka.

Alhamisi, 10 Desemba

Mwenye nyumba, yule mama wa Kichina, amekuja na mpangaji wa kuziba nafasi ya Gidioni. Nimemwambia asubiri. Hakufurahi.

Nimepata Mkomoro wa kuchangia naye kontena. Masharti yake mabaya, nimekubali.

Tambi tena. Kupikia mtu mmoja sijazoea, kila siku natupa.

Jumatatu, 21 Desemba

Ramadhani imeingia. Baridi nayo, ile ya kuingia kwenye mifupa.

Nimefuturu msikitini. Wachina wanagawa tende na supu, hawaulizi umetoka wapi. Kwenye tarawehe nilikuwa safu ya nyuma, karibu na mlango, upepo unanipiga mgongoni. Khamisi alikuwa safu ya mbele yangu. Alinitupia jicho, akageuka. Hakunisalimia. Wala hakuhama.

Baada ya sala nilibaki nikaomba dua. Nikamwombea mama, baba, mke wangu na watoto. Nikamwombea Bibi Rahma. Kisha nikamwombea Mzee Eliya, kwa jina lake. Sijui kama inaruhusiwa. Sijamuuliza mtu.

Nje mvua ilikuwa imekatika. Nimerudi kwa miguu.